Mizani ya Wastahiki: Tarikhi ya Mjadala wa Heshima katika Mpira wa Kikapu

Mchezaji wa mpira wa kikapu akiisha kustaafu, na viungo vyake vikiwa haviwezi tena kutii amri ya moyo wake, hubaki mashahidi wawili ambao yeye mwenyewe hana uwezo juu yao: daftari lililoandikwa na makarani waliokaa kando ya uwanja wakihesabu vikapu alivyotia, na ndimi za watu waliomwona akicheza. Daftari husema kwa tarakimu, wala halina mapenzi. Ndimi husema kwa sifa na lawama, nazo hugeuka kwa kadiri ya umri, kabila na kumbukumbu ya msemaji. Kati ya mashahidi hawa wawili pamezuka, hasa katika nchi ya Marekani, desturi ya kuketi barazani na kumjadili mchezaji aliyestaafu, kama anastahili au hastahili kuingizwa katika jumba la mashuhuri, na kumpa au kumnyima heshima hiyo kwa kura. Desturi hii ilianza katika majumba ya marumaru, ikapita katika magazeti na maskani za wapenzi wa michezo, na mwishowe ikaingia mahali ambapo hapana aliyeitarajia, yaani katika ligi za mwigo, ambamo wachezaji hawana nyama wala damu, bali ni majina na tarakimu zinazoendeshwa kwa dadu au kwa kompyuta.

Nia ya insha hii ni kueleza tarikhi ya desturi hiyo, na kuonyesha kwamba ligi za mwigo, ambazo watu wengi huzidharau kuwa ni upuzi wa watoto, zimetufunulia jambo ambalo majumba makubwa yenyewe hayakuweza kulifunua: ya kuwa hata kila tendo la mchezaji likiandikwa pasina pungufu, bado watu wenye akili timamu watahitilafiana juu ya ustahiki wake, kwa sababu heshima haipatikani kwa wingi wa habari peke yake, bali kwa hukumu juu ya jambo gani linalofaa kutukuzwa.

Fikra ya kuwakusanya watu mashuhuri chini ya dari moja ni kongwe kuliko mpira wa kikapu. Mfalme Ludwig wa Kwanza wa Bavaria alijenga juu ya kilima kitazamacho mto Danube, karibu na mji wa Regensburg, hekalu aliloliita Walhalla, likafunguliwa mwaka 1842, na ndani yake zikawekwa sanamu za watu aliowaona yeye kuwa ni fahari ya taifa lake. Hapo hapakuwa na mjadala, kwa kuwa mwenye kuchagua alikuwa mmoja, naye alikuwa mwenye taji. Mwaka 1900 Wamarekani waliichukua fikra ile wakaibadili: katika Chuo Kikuu cha New York, kwa juhudi ya mkuu wake Henry Mitchell MacCracken, ilianzishwa nyumba ya Wamarekani wakubwa, na uchaguzi wake ukatiwa mikononi mwa baraza la wapiga kura, waliotakiwa kuyapima majina ya marehemu na kuamua kwa wingi wa sauti. Badiliko hilo lilikuwa kubwa kuliko lilivyoonekana siku ile, maana pale penye kura ndipo penye hoja, na penye hoja ndipo penye haki ya kukata rufani.

Besiboli ndiyo iliyoitwaa desturi hiyo na kuitia katika michezo. Mwaka 1936 waandishi wa habari za michezo walipiga kura ya kwanza ya jumba lililokusudiwa kujengwa katika mji mdogo wa Cooperstown, jimbo la New York, kwa sharti kwamba hapana atakayeingia asipopata robo tatu ya kura. Waliopita walikuwa watano: Ty Cobb, Babe Ruth, Honus Wagner, Christy Mathewson na Walter Johnson. Lakini mwenye kutaka kuifahamu tabia ya mjadala huu na atazame hesabu yenyewe: kura zilikuwa 226, Cobb alipata 222, na Ruth, ambaye jina lake lilijulikana hata na wasioujua mchezo, alipata 215. Maana yake ni kwamba watu 11, ambao kazi yao ilikuwa kuutazama mchezo ule na kuuandika, walilitazama jina la Babe Ruth wakaliacha. Basi tangu siku ya kwanza ya desturi hii ilibainika kuwa hapana sifa iliyo kubwa kiasi cha kukosa mpinzani, na kwamba aingiaye haingii kwa kauli moja ya ulimwengu wote, bali kwa ushindi wa hoja juu ya hoja.

Ama mpira wa kikapu wenyewe ulizaliwa mwezi wa Desemba 1891 katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts, kwenye chuo cha kuwafunza watumishi wa Y.M.C.A. James Naismith, mwalimu mzaliwa wa Kanada aliyekuwa na umri wa miaka 30, aliagizwa na mkuu wake Luther Gulick abuni mchezo wa ndani wa kuwashughulisha vijana wakati wa baridi, viwanja vya nje vinapofunikwa na theluji. Naye akatundika vikapu viwili vya kuchukulia mafyulisi kwenye ushoroba wa juu wa ukumbi, akaandika kanuni 13, akawagawa wanafunzi wake 18 pande mbili za watu tisa tisa. Mchezo ule wa kwanza ulimalizika kwa kikapu kimoja tu, hata daftari la siku ile lingeweza kuandikwa juu ya ukucha. Naismith alifariki dunia mwaka 1939 baada ya kuuona mchezo wake ukichezwa katika Olimpiki ya Berlin ya mwaka 1936, na jumba la mashuhuri lenye jina lake lilianza kuandika majina mwaka 1959, kabla halijapata hata kuta za kulihifadhi. Kundi la kwanza lilikuwa la watu 15 na timu mbili, na miongoni mwao walikuwamo Naismith na Gulick, kocha Phog Allen, na senta George Mikan. Jengo la kwanza lilifunguliwa Springfield mwaka 1968. Likahamishwa mwaka 1985 kwenda kando ya mto Connecticut. Na jengo la leo, lenye kuba la duara kama mpira, likafunguliwa mwaka 2002.

Jumba la Springfield linahitilafiana na lile la Cooperstown kwa mambo mawili ambayo yameutia mjadala wake sura ya pekee. La kwanza ni upana wake, kwa kuwa si jumba la ligi moja bali ni la mchezo wote, wa wanaume na wanawake, wa vyuoni na wa mataifa. Ndani yake yumo Sergei Belov wa Urusi ya Kisovieti, aliyeingizwa mwaka 1992, na Oscar Schmidt wa Brazili, aliyeingizwa mwaka 2013, nao wote wawili hawakucheza hata mechi moja katika ligi kuu ya Marekani, NBA; na wamo Lusia Harris na Nera White, wachezaji wa kwanza wa kike kupewa heshima hiyo, mwaka 1992. La pili ni usiri wake, maana mwenye kupendekezwa hupimwa kwanza na kamati ya kuchuja, kisha hufikishwa mbele ya baraza la watu 24, na hana budi kupata kura 18. Lakini majina ya waheshimiwa hao hayatangazwi, wala sababu zao haziandikwi mahali pa kusomwa na umma. Mlango hufunguliwa au hufungwa, na aliye nje hajui ni kwa hoja gani.

Usiri huo ulikutana na mtu asiyeupenda. Bill Russell aliichezea Boston Celtics misimu 13, akatwaa ubingwa mara 11, jambo ambalo halina mfano katika ligi ile. Mwaka 1975 Springfield ilimchagua kuwa mchezaji wa kwanza mweusi kuingia katika jumba hilo; kabla yake, mwaka 1972, alikuwa ameingizwa Bob Douglas, mwasisi wa timu ya New York Renaissance, lakini yeye aliingizwa kwa ajili ya uongozi wake. Russell akaikataa heshima ile, wala hakuhudhuria sherehe. Baadaye ilibainika kwamba aliona si haki yeye kutangulia ilhali walikuwapo waliomfungulia njia, na hasa Chuck Cooper, ambaye mwaka 1950 alikuwa mchezaji mweusi wa kwanza kuchaguliwa na timu ya NBA katika uteuzi wa wachezaji wapya, naye akateuliwa na Celtics hiyo hiyo. Cooper alifariki mwaka 1984. Jumba likamwingiza mwaka 2019, miaka 35 baada ya kifo chake, na mwaka huo huo Russell, akiwa mzee wa miaka 85, akakubali kuipokea pete yake katika hafla ya faragha.

Kisa hicho kinastahili kutafakariwa kwa utulivu. Cooper hakuwa mtiaji mkubwa wa vikapu. Katika misimu sita wastani wake haukufikia alama 7 kwa mechi, na mtu akililaza daftari lake mezani bila kuliambatanisha na tarikhi ya nchi yake, hataona sababu ya kumtaja. Lakini daftari halikuandika hoteli alizokataliwa, wala migahawa ambayo wenzake waliingia na yeye akabaki nje, wala thamani ya kuwa wa kwanza katika jambo ambalo kila mtu baada yake aliliona kuwa la kawaida. Russell, aliyekuwa na kila hoja ya tarakimu upande wake, aliiweka heshima yake rehani kwa ajili ya mtu asiyekuwa na hoja hata moja ya tarakimu, na kwa kukaa kimya miaka 44 alitoa hotuba ambayo wapiga kura wasiojulikana walilazimika hatimaye kuijibu.

Zaidi ya hayo, hata lile ambalo daftari lilikusudiwa kuliandika, halikuliandika sikuzote. NBA haikuanza kuhesabu mitupo iliyozuiwa wala mipira iliyonyang'anywa mpaka msimu wa 1973 na 1974, na Russell alikuwa amestaafu tangu 1969. Basi silaha yake kubwa, mkono ule uliopaa na kuurudisha mpira kabla haujafika kikapuni, haimo katika hesabu yoyote rasmi, bali imo katika picha chache na katika ushahidi wa waliomwona. Na pale hesabu zilipokuwapo, hukumu ya wenye kujua haikuzifuata kila mara. Katika msimu wa 1961 na 1962 Wilt Chamberlain alitia wastani wa alama 50.4 kwa mechi, kiasi ambacho hapana aliyepata kukikaribia, na bado wachezaji wenzake, ambao siku zile ndio waliopiga kura, walimpa Russell tuzo ya mchezaji bora. Hawakuwa vipofu wa tarakimu. Walikuwa watu waliosimama uwanjani mbele ya wote wawili, wakahukumu kwamba kushinda ni jambo moja na kutia vikapu ni jambo jingine.

Dhuluma nyingine ilitokana na mahali mchezaji alipochezea. Toka 1967 hadi 1976 ilikuwapo ligi ya pili, iliyoitwa ABA, yenye mpira wa rangi nyekundu, nyeupe na buluu, na timu zake nne zilipopokewa katika NBA mwaka 1976, tarakimu za wachezaji wake hazikupewa hadhi sawa na za ligi kubwa. Artis Gilmore, senta mrefu aliyepata tuzo ya mchezaji bora wa ABA katika msimu wake wa kwanza, akaiongoza Kentucky Colonels kutwaa ubingwa mwaka 1975, kisha akacheza miaka mingi katika NBA hadi 1988, alikawizwa nje ya jumba mpaka 2011. Mel Daniels, naye wa ABA, aliingizwa mwaka 2012, na Roger Brown mwaka 2013, akiwa ameshafariki miaka 16 nyuma. Brown na Connie Hawkins walifungiwa mlango wa NBA wakiwa vijana kwa kutajwa katika uchunguzi wa mechi zilizopangwa, ijapokuwa hawakupata kushtakiwa. Hawkins aliidai haki yake mahakamani, akaingia NBA mwaka 1969, na Springfield ikampokea mwaka 1992. Kwa watu kama hawa, kuhesabu vikapu bila ya kuhesabu milango iliyofungwa ni kuikamilisha dhuluma iliyoanzwa na wengine.

Kisha lipo swali la muda, nalo pengine ndilo gumu kuliko yote. Maurice Stokes alicheza misimu mitatu tu, kuanzia 1955, akawa miongoni mwa wadakaji bora wa mpira uliorudi kutoka ubaoni. Mwezi wa Machi 1958 alianguka uwanjani akajigonga kichwa, na siku chache baadaye akapooza. Mwenzake Jack Twyman akawa mlezi wake wa kisheria, akamchangishia fedha za matibabu mpaka Stokes alipofariki mwaka 1970. Springfield ilimwingiza mwaka 2004. Bill Walton, aliyeandamwa na maradhi ya miguu, alicheza mechi 468 tu za msimu katika NBA, naye akaingizwa mwaka 1993. Wapo wanaosema kwamba heshima ya namna hii ni ya huruma, na kwamba jumba la mashuhuri ni mahali pa waliotenda, si pa wale ambao wangaliweza kutenda. Na wapo wanaojibu kwamba kilele ni kilele, wala mlima haupunguki urefu kwa kuwa mpandaji alikaa juu yake muda mfupi. Hoja hizi mbili zimeshindana kwa miaka mingi, wala haijapatikana iliyoiua nyingine.

Mtu angeweza kudhani, akiyasoma haya, kwamba chimbuko la mabishano yote ni upungufu wa ushahidi: kwamba kama mitupo ya Russell ingalihesabiwa, na ABA ingalipewa hadhi yake, na kila mchezaji angalionwa na kila mpiga kura, mjadala ungalikwisha. Dhana hiyo ina sura ya busara, na kwa muda mrefu haikuwapo njia ya kuijaribu. Njia ilipopatikana, ilipatikana mahali pasipotazamiwa, mezani mwa watu waliokuwa wakicheza kwa dadu.

Mwaka 1930 mtu mmoja wa mji wa Green Bay, jimbo la Wisconsin, jina lake Clifford Van Beek, alitoa sokoni mchezo wa besiboli wa mezani ambamo kila mchezaji wa kweli alipewa kadi yake, na dadu zilipotupwa, kadi ilijibu kwa namna iliyolingana na uwezo wa mchezaji yule. J. Richard Seitz wa Lancaster, jimbo la Pennsylvania, aliiendeleza fikra hiyo akaanza kuuza mchezo wa APBA mwaka 1951. Hal Richman akauleta Strat-O-Matic mwaka 1961. Na baada ya besiboli kutangulia, kadi za mpira wa kikapu zikafuata. Hata mwandishi Jack Kerouac, tangu alipokuwa kijana katika mji wa Lowell, alikuwa na ligi yake ya besiboli aliyoibuni mwenyewe, yenye timu na wachezaji wasiopata kuishi, akaandika matokeo yao na habari zao kama za gazeti, na mazoea hayo hakuyaacha alipokuwa mtu mzima.

Kompyuta ilipotokea, watu walijaribu kuifanya kadhi. Mwaka 1967 mtangazaji Murray Woroner alitia katika mashine habari za mabondia wa uzito wa juu wa zama mbalimbali, akatangaza redioni mapambano yao kana kwamba yalikuwa yakitokea. Mashine ilimtoa Muhammad Ali mbele ya Jim Jeffries, na Ali akafungua kesi akidai fidia ya dola milioni moja kwa kuharibiwa jina. Shauri liliishia kwa suluhu, na Ali akakubali kuigiza mbele ya kamera pambano na Rocky Marciano, lililoonyeshwa katika majumba ya sinema mwezi wa Januari 1970. Marekani iliona Ali akiangushwa, nayo Ulaya ilionyeshwa mwisho mwingine, wa Ali mshindi. Kisa hiki kinaonyesha mipaka ya mashine, kwani ilipewa watu wawili wale wale ikatoa hukumu mbili kwa ajili ya masoko mawili. Lakini kinaonyesha pia kwamba heshima ya mtu ni kitu hai, hata bingwa wa kweli hakuweza kuvumilia kushindwa kwa kivuli chake.

Ligi za mwigo za mpira wa kikapu za siku hizi ni watoto wa kadi na wa mashine pamoja. Watu kadhaa huungana, kila mmoja akawa meneja wa timu. Programu huzaa vijana wa kubuni kila mwaka, wenye majina, vimo na vipawa. Mameneja huwateua kwa zamu, huwabadilishana, huwalipa mishahara ya kubuni ndani ya kiwango kilichowekwa. Programu huchezesha mechi zote za msimu na kuandika kila mtupo, kila pasi na kila dakika. Mchezaji hukua, hufika kilele chake, huzeeka, huumia, hatimaye hustaafu; na ligi ikiisha kudumu misimu mingi, huwa na tarikhi yake yenyewe, wafalme wake na misiba yake. Hapo ndipo huja siku ambayo mmoja wa mameneja hulileta jina la mstaafu mbele ya wenzake, na kuuliza kama anastahili jumba la mashuhuri.

Na watafakari wale wanaodhani kwamba ushahidi kamili huua mjadala. Hapa hapana mtupo uliozuiwa usiohesabiwa. Hapana ligi ya pili iliyodharauliwa, wala mchezaji aliyefungiwa mlango kwa rangi ya ngozi yake, wala sherehe aliyoikosa, wala mwandishi aliyemchukia. Kila kitu kimo daftarini toka siku ya kwanza hadi ya mwisho, na mameneja wote wana daftari moja. Kwa haki ya akili, uamuzi ungepasa kuwa mwepesi kama kujumlisha mbili na mbili. Tena zipo programu, kama ile iitwayo Basketball GM, zinazoutoa uamuzi huo zenyewe kwa kanuni ya hesabu mara mchezaji anapostaafu. Walakini pale wanadamu wanapoachiwa kura, mjadala huwaka kama ulivyowaka juu ya Gilmore na Walton.

Tuchukue mfano wa senta wa kubuni aliyecheza misimu 15, akawa miongoni mwa watano wa juu katika tarikhi ya ligi kwa mipira iliyodakwa, akatwaa ubingwa mara mbili, lakini hakupata hata mara moja tuzo ya mchezaji bora. Meneja aliyemlea husema: ubingwa ule usingepatikana pasipo yeye. Mpinzani hujibu: ubingwa ule uliletwa na mlinzi aliyekuwa pembeni yake, na senta alipohamishwa hakushinda tena. Wa tatu huuliza: katika zama zake, alikuwa senta bora wa ngapi? Wa nne hukumbusha kwamba misimu ile ligi ilikuwa na timu chache, au mchezo ulikwenda kasi, ikawa mipira ya kudaka ilikuwa mingi kuliko leo, basi tarakimu zake zipunguzwe ndipo zilinganishwe. Wa tano, aliyekutana naye katika fainali na kushindwa, husema hana haja ya hesabu, kwa kuwa alipokuwa akipanga timu yake, jina la kwanza lililomnyima usingizi lilikuwa la yule senta. Kila mmoja wao amesoma daftari lile lile, na kila mmoja ana hoja isiyoweza kupuuzwa.

Kwa nini basi wanahitilafiana? Kwa sababu daftari hutwambia aliyoyatenda mtu, wala halitwambii lipi kati ya hayo lilikuwa na thamani zaidi. Kudumu au kufika kilele, kutwaa mataji au kung'aa peke yako, kuwatisha wapinzani au kuwafaa wenzako: hizi ni fadhila mbalimbali, na kuipandisha moja juu ya nyingine ni kazi ya hukumu, ambayo tarakimu huitumikia lakini haziitawali. Ligi ya mwigo imeondoa kila kisingizio. Imeondoa upungufu wa habari, imeondoa ubaguzi, imeondoa hata uhai wa mchezaji mwenyewe, na baada ya kuondoa yote hayo imebaki hitilafu ile ile ya wanadamu juu ya kipi ni kikubwa. Kwa hiyo haipasi kuuona mjadala kuwa ni kasoro ya desturi hii, ambayo siku moja itatibiwa na mashine iliyo hodari zaidi. Mjadala ndio desturi yenyewe.

Ukweli huo hauhusu wachezaji wa kubuni tu. Dikembe Mutombo, mwana wa Kinshasa, alikwenda Marekani kwa ajili ya elimu, akawa senta aliyecheza misimu 18 katika NBA, na wastani wake wa vikapu ulikuwa alama 9.8 tu kwa mechi. Kwa kipimo cha watiaji, jina lake lingepotea katikati ya majina mengi. Lakini alipata tuzo ya mlinzi bora wa mwaka mara nne, mitupo aliyoizuia ni 3,289, na katika ligi hiyo hapana aliyemzidi ila Hakeem Olajuwon wa Nijeria. Na mwaka 1994 aliisaidia Denver Nuggets, iliyoshika nafasi ya nane, kuing'oa Seattle iliyoshika nafasi ya kwanza, jambo lililokuwa halijapata kutokea. Springfield ilimpokea mwaka 2015. Waliomchagua walihukumu kwamba kuuzuia ubaya ni tendo sawa na kuuleta wema, na bara zima la Afrika likaona mtu wake akitukuzwa kwa kazi ambayo vizazi vilivyopita havikuwa hata na safu yake daftarini. Ukarimu wake wa kuijenga katika mji aliozaliwa hospitali yenye jina la mama yake, Biamba Marie, ulizidi kumpa taadhima, ingawa wapo wanaoshikilia kuwa wema wa nje ya uwanja usiingizwe katika mizani ya mchezo. Na hilo nalo ni katika yale mambo yanayostahili kujadiliwa mchana kweupe.

Hapa ndipo ninapoona kwamba mdogo anaweza kumfunza mkubwa. Katika ligi za mwigo, aghalabu anayempinga mchezaji humpinga mbele ya yule aliyemlea, kwa jina lake na kwa sababu zake, na maneno yao hubaki, hata wakija wengine miaka ya mbele huweza kuzisoma hoja zile, wakaona zilizokuwa na nguvu na zilizokuwa na chuki, wakalirejesha shauri barazani. Hiyo ndiyo adabu ya majibizano ya washairi wetu, ambamo mtu hakupata sifa kwa kumshinda mwenzake gizani, bali kwa kumjibu beti kwa beti mbele ya wasikilizaji wenye kuijua kazi. Jumba la Springfield, lenye heshima kubwa zaidi na wapiga kura wenye ujuzi zaidi, limechagua kunyamaza, na kimya hicho kimekuwa na gharama: Chuck Cooper alingoja kaburini, wala hapana hata mtu mmoja anayeweza kusoma leo kwa nini alingojeshwa, na nani alimpigania, na nani alimkataa.

Wenye jumba wanaweza kujitetea kwa kusema kwamba usiri huwalinda wapiga kura na fitina za umma, wasije wakaogopa kelele wakaiacha haki. Utetezi huo una uzito wake, nami siubezi. Lakini mwenye kuficha jina lake si lazima afiche sababu zake. Kila anayeingizwa na kila anayekataliwa angeandikiwa hati fupi ya hukumu, yenye kueleza fadhila zilizotazamwa na zilizopungua, pasipo kutaja nani alisema nini, kama kadhi aandikavyo hukumu yake ili wa daraja ya juu waweze kuipitia. Hapo familia ya mchezaji ingejua ni kwa kipimo gani amepimwa, vijana wangejifunza ni nini wazee wao walichokitukuza, na kizazi kitakachogundua kwamba kipimo kile kilikuwa na kombo kingekuwa na mahali pa kuanzia kukinyoosha. Heshima isiyokuwa na sababu iliyoandikwa ni zawadi, na aliyeitoa anaweza kuinyima apendavyo. Heshima iliyoandikiwa sababu ni haki, na haki huweza kudaiwa na mtu yeyote, hata kwa niaba ya aliyekufa.